Kuchagua tangi la upanuzi la boila: hesabu kwanza, duka baadaye

Boila za mahoteli yetu ya Nungwi, Paje na Kiwengwa hazipashi vyumba moto kama za Ulaya. Kazi yake ni maji ya kuogea, ya jikoni na ya dobi. Lakini maji ni yaleyale: yakipata moto hutanuka, na kwenye mfumo uliofungwa hayana pa kwenda. Tangi la upanuzi huyapa nafasi. Ndani yake mna mpira, upande mmoja maji, wa pili hewa ya presha.

Tangi likiwa dogo au mpira umepasuka, utaona sindano ya geji ikipanda kila boila inapowaka, valvu ya usalama inamwaga, kisha maji yakipoa presha inaanguka karibu na sifuri. Nimeshakuta valvu ya namna hiyo imezibwa kwa plagi. Mafundi wenzangu, hilo msilifanye hata siku moja. Boila iliyozibwa inaweza kupasuka na kuua mtu.

Hatua ya 1: Hakikisha unalihitaji. Kama maji yanashuka kwa uzito wake kutoka tangi la juu ya paa, hakuna valvu ya kuzuia yasirudi, na kuna bomba la wazi la kupumulia, usinunue kitu. Ukifunga mfumo, au ukiweka valvu ya kuzuia, hapo tangi ni lazima.

Hatua ya 2: Jua lita za mfumo mzima. Boila, mabomba, koili (bomba lililojikunja ndani ya silinda, yaani tangi la maji ya kuogea, linaloyapasha moto), vyote. Kama huna karatasi za kiwandani, mwaga maji yakiwa baridi na uyapime kwa ndoo za lita 20. Inachosha, lakini kukisia ndiko kunakoharibu kazi.

Hatua ya 3: Pima kimo. Kutoka tangi lilipo hadi bomba la juu kabisa, kila mita 10 ni bari 1 (bari ni kipimo cha presha). Ongeza bari 0.3. Mita 6 zinatoa 0.9, weka hewa ya bari 1.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Maji yakitoka nyuzi 28 hadi 85 hutanuka karibu asilimia 3. Mzunguko wa boila (maji yanayozunguka kati ya boila na koili) wa lita 300 unatoa lita 9 za ziada. Ongeza lita 3 za akiba, jumla 12.

Sasa presha. Valvu ya usalama ikiwa ya bari 3, usivuke 2.5; hiyo ndiyo presha ya mwisho. Toa presha ya hewa kwenye presha ya mwisho: 2.5 toa 1 ni 1.5. Gawa kwa presha ya mwisho ukiongeza 1, yaani 3.5. Unapata 0.43. Maana yake, hata nusu ya tangi haipokei maji! Lita 12 gawa kwa 0.43 ni 28, kwa hiyo chukua la lita 35. Anayenunua la lita 12 kwa sababu maji ya ziada ni lita 12 atarudi dukani.

Hatua ya 5: Chagua aina. Tangi la mzunguko wa boila, ambalo mara nyingi ni jekundu, usilifunge kwenye maji ya kuogea. Maji mapya yanaingia na oksijeni kila siku, na chuma kisichopakwa kitu ndani kitaliwa na kutu. Silinda ya maji ya kuogea inataka tangi lake, lililoandikwa kuwa ni la maji ya kunywa. Mimi hupendelea lenye mpira wa kubadilishwa, na mpira wa akiba naununua siku hiyohiyo, maana kipuri kikikosekana Unguja au Pemba utasubiri boti.

Hatua ya 6: Funga. Liweke kwenye bomba la kurudi, karibu na pampu inapovuta, ndani ya chumba, mbali na upepo wa chumvi. Pima hewa kwa geji ya tairi kabla maji hayajaingia; yakishaingia, geji itakusomea presha ya maji. Jaza hadi bari 1.3 mfumo ukiwa baridi, kisha washa na utazame sindano: kwa mfano wetu isimame karibu na 2.3.

Baadaye, kila ukifanya huduma, bonyeza kidogo nipeli ya hewa ya tangi, iliyo kama ya tairi. Ikitoka hewa kavu, endelea na kazi. Yakitoka maji, mpira umepasuka; badilisha.