Jinsi ya kupiga hesabu ya nyani anayechapa ovyo

Ile stori ya nyani anayebonyeza kibodi ovyo ovyo milele mpaka siku moja anamtoa Shakespeare mzima mzima, wengi wanaicheka tu, ila hesabu yake unaifanya mwenyewe kwenye simu.

Chukua neno fupi, tuseme "simu". Herufi nne, kibodi ina herufi 26 (nafasi na nukta achana nazo), so piga 26 × 26 × 26 × 26, unapata 456,976. Yaani akibonyeza herufi nne, uwezekano wa kutoka "simu" ni moja kati ya 456,976. Akibonyeza moja kila sekunde bila kulala utaisubiri kwa wastani siku tano na masaa kama saba hivi, sio mbaya. Hapa ndo watu wanapoteleza, wanadhani akishajaribu mara 456,976 lazima liwe limetoka, hapana, uwezekano hapo ni kama asilimia 63 tu, ukimwongezea muda unapanda panda ila 100 haufiki.

Sasa jaribu "mama". Herufi nne vilevile lakini wastani wake ni 457,652, imeongezeka 676, yaani 26 × 26! Kisa? Inaishia na "ma" ileile inayoanzia, kwa hiyo kwenye "mamama" zipo mbili zimeshikana, na zikija kwa mafungu hivyo basi kulifikia fungu la kwanza unasubiri zaidi. Kama huamini shika sarafu, rusha ukihesabu mpaka vije vichwa viwili mfululizo, rudia hata mara 50, afu fanya hivyohivyo kwa kichwa kikifuatwa na mkia. Ya kwanza wastani utacheza kwenye 6, ya pili 4.

Ukishazoea weka "nakupendasana", herufi 13. Hiyo ni zaidi ya sekunde 2 yenye sifuri 18 nyuma, ulimwengu wenye miaka bilioni 13.8 urudie umri wake zaidi ya mara tano ndo upate nakupenda moja, kwa hiyo kazi yote hapa inafanywa na "milele", nyani wa watu msimsifie bure.

Halafu angalia sharti moja, kila herufi iwe na nafasi sawa. Kwenye bustani ya wanyama ya Paignton, Uingereza, matokeo yalitoka 2003, nyani sita waliachiwa kibodi kama mwezi hivi wakatoa kurasa tano, karibu zote S tupu, na kibodi wakaikojolea.