Gari linakunywa mafuta mjini? Fuata hatua hizi kabla ya kununua kifaa chochote

Wateja wengi wanaoleta gari gereji kwa sababu "linakunywa" huwa wameshabadilisha plagi, wameshaosha nozeli na wameshanunua chujio jipya la hewa. Walichokuwa hawajafanya ni kupima. Mwongozo huu ni wa mwenye gari dogo la petroli lenye gia otomatiki, yaani IST, Vitz, Passo, Spacio na jamaa zake, anayelala na kuamka na foleni za Dar es Salaam. Wa Nairobi au Mombasa abadilishe majina ya barabara tu.

Hatua ya 1: Pima, tena kwa tanki kamili

Wengi wetu tunaweka ya elfu kumi leo, keshokutwa ya elfu kumi na tano, halafu tunautazama mshale na kuapa kwamba gari limeharibika. Kwa mtindo huo hakuna hesabu inayowezekana. Vumilia mara moja: nenda sheli, jaza hadi bomba lijikate lenyewe, na mwambie mhudumu asiongeze hata tone ili kufikisha namba nzima. Rudisha tripu, yaani kile kihesabio cha kilomita za safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako, kisha rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena hadi bomba lijikate.

Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza sasa. Kilomita 312 kwa lita 26 ni kilomita 12 kwa lita. Ukichukua bei ya lita wanayoitangaza EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, Jumatano ya kwanza ya mwezi ukaigawanya kwa hiyo 12, umepata gharama ya kila kilomita.

Usiilinganishe namba yako na ile ya tangazo la muuzaji. Ile hupimwa gari likizungusha magurudumu juu ya rola, bila tuta, bila daladala inayosimama ghafla mbele yako. Mpinzani wako ni tanki lako lililopita.

Hatua ya 2: Angalia mguu wako kabla ya injini

Hapa ndipo mafuta mengi ya mjini yanapoishia. Gari la tani moja likitoka sifuri hadi kilomita 60 kwa saa, linachoma takriban mililita 20 za petroli kwa ajili ya kupata mwendo huo peke yake. Ukikanyaga breki, mwendo wote huo unageuka joto kwenye diski na kupotea. Rudia mara 50 na umemaliza lita nzima. Tena ukiishia 30 badala ya 60, nguvu inayohitajika haipungui nusu tu, inashuka hadi robo.

Kwa hiyo kwenye Barabara ya Mandela, yule anayelikimbilia kila pengo la mita hamsini kisha anasimama puani mwa lori, na yule anayejikokota taratibu akiacha nafasi mbele yake, watafika Tazara pamoja. Bili zao hazitafanana. Acha nafasi. Ukiona taa za breki kule mbele, ondoa mguu mapema, gari lijipunguze lenyewe. Watakuchomekea, ndiyo. Waache.

Halafu kuna hii ya kutia N (gia huru) kwenye mteremko "ili kuokoa mafuta". Kwenye gari la nozeli, yaani lile ambalo kompyuta ndiyo inayopima petroli ya kupulizwa kwenye injini, ni kinyume. Ukiachia pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye D na mwendo bado upo, kompyuta inafunga nozeli kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia N, injini inabidi ichome petroli ili isizime. Na ukihitaji breki ya injini, huna.

Injini ya lita 1.3 au 1.5 ikiwa sailensa, yaani inawaka huku gari limesimama, hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na AC inaisukuma kwenda juu. Trafiki akiwashikilia upande wenu dakika kadhaa, au unamsubiri mtoto nje ya shule, zima. Foleni inayosogea kila baada ya sekunde ishirini iache iwake, usije ukaiua betri na stata.

Hatua ya 3: Tazama kama taa ya O/D OFF inawaka

Toyota nyingi za zamani zenye gia nne zina kitufe pembeni ya mpini wa gia. Mtu akikibonyeza bila kujua, gari haliingii gia ya juu, na injini inapiga kelele ukiwa 70. Taa ikiwaka, bonyeza tena izime. Haina gharama.

Hatua ya 4: Hakikisha injini inapata joto

Gari likichemka mara moja, fundi wa haraka hutoa themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto), huunga feni moja kwa moja izunguke muda wote, na mwenye gari anaondoka akishukuru. Kweli halichemki tena, lakini sasa injini inazunguka ikiwa baridi. Themostati ya IST hufunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Isipokuwepo, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu unapowasha. Kompyuta inasoma baridi, inaongeza petroli. Gia nazo kwenye Toyota nyingi hugoma kuingia ya juu hadi joto lifike.

Kugundua ni rahisi. Gari dogo nyingi za Toyota hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu. Ukiwasha asubuhi itawaka, na kwa hali ya hewa ya Pwani inatakiwa izime baada ya dakika chache. Ikikaa muda mrefu, au ikirudi ukiwa safarini, muulize fundi wako themostati iko wapi. Irudishwe, kisha kitafutwe kilichokuwa kinachemsha gari: rejeta iliyoziba, mfuniko uliochoka, au pampu ya maji.

Hatua ya 5: Taa ya injini

Washa swichi bila kuwasha gari. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeiua ili akuuzie. Ikibaki inawaka baada ya injini kuwaka, peleka gari kwenye mashine ya kupimia, na usikubali kuambiwa "futa tu". Sensa ya oksijeni iliyokufa inaweza kulifanya gari limwage petroli nyingi, na ukichelewa inaweza kuharibu pia kichujio cha kwenye eksozi.

Hatua ya 6: Breki na upepo

Ukimaliza safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa (kile kinachobana pedi za breki kwenye diski) haiachii. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono. Linatakiwa lizunguke kwa ulaini.

Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kauli ya "weka 40" ya kijana wa upepo. Kusema kweli faida yake kwa mafuta ni ndogo. Tairi ndiyo itakayodumu.

Hatua ya 7: Mengine kwa haraka

Gari lililokaa juani fungua vioo kwanza hewa moto itoke, ndipo uwashe AC, kisha uiweke izungushe hewa ya ndani. Oili iwe ile ya kwenye kitabu cha gari. Kumimina SAE 40 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 ni kuitwisha mzigo. Mabegi ya saruji uliyoyasahau kwenye buti yashushwe.

Chujio la hewa lililojaa vumbi, kwenye gari la nozeli, linapunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji. Badilisha, ila usitegemee muujiza. Vidude vya kuchomeka na sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli, usinunue.

Rekebisha kitu kimoja kwa kila tanki, upime tena kama hatua ya 1, vinginevyo hutajua kilichosaidia. Tanki mbili zikipita na namba haijasogea, rudi kwa fundi na karatasi yako ya kilomita na lita, umwambie apime presha ya pampu ya mafuta na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda.