Printa ya zamani imenyamaza baada ya Windows 11? Anza hapa kabla ya kununua mpya

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi, shule na maduka ya steshenari zinahamia Windows 11, na kilio kimekuwa kilekile: HP LaserJet 1020 au Canon LBP2900 iliyochapa vizuri Ijumaa, Jumatatu haichapi hata herufi. Ukienda kwenye tovuti ya mtengenezaji, unaambiwa hakuna draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa) ya mfumo wako.

Hapo wengi hukimbilia dukani. Subiri kwanza. Printa hizi ni ngumu kufa, na tona ya 12A ya HP 1020 huchapa karibu kurasa 2,000, huku mafundi wengi wakiijaza upya kwa bei nafuu. Mashine haijaharibika. Kilichokatika ni draiva, na draiva mara nyingi huweza kutafutwa, kuhamishwa au kukwepwa. Njia ipi utumie inategemea jambo moja ambalo watu wengi hawaliangalii: lugha ambayo printa inaielewa.

Lugha ya printa

Kuna printa zinazopokea ukurasa kwa lugha ya kawaida kama PCL 5e, PCL 6 au PostScript, kisha zinauchora zenyewe. HP LaserJet 1320, P2015 na P2055 zimo humu. Hizi hazina shida kubwa, kwa sababu draiva yoyote inayozungumza lugha hiyo inatosha, hata kama haikutengenezwa kwa ajili ya modeli yako.

Kundi la pili ni zile za bei nafuu zinazoiachia kompyuta kazi yote ya kuuchora ukurasa. Printa yenyewe ina kumbukumbu ndogo (HP 1020 ina MB 2 tu) na inasubiri vitone vilivyokwisha kupangwa. Ukisoma sifa zake utakuta maneno kama "host-based", "GDI", "ZjStream", "CAPT" au "SPL". HP 1018, 1020, P1005 na P1102 ni za kundi hili, na Canon LBP2900 pia. Hizi hazikubali draiva ya kubahatisha. Ukizipa ya PCL, ama zitanyamaza, ama zitapepesa taa bila kutoa karatasi.

Kuijua lugha, tafuta jina la modeli pamoja na neno "specifications" kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha soma mstari wa "print languages". Kama printa ina skrini au kitufe, chapa pia ukurasa wa usanidi. Kwenye HP nyingi ndogo unashikilia kitufe mpaka taa ya kijani ianze kupepesa, kisha unaachia.

Kama bado hujahama

Hifadhi draiva iliyopo sasa, maana ndiyo inayofanya kazi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, chomeka flashi (hapa tuseme ni D:), kisha andika:

mkdir D:\Draiva
pnputil /export-driver * D:\Draiva
pnputil /enum-drivers > D:\Draiva\orodha.txt

Amri ya pili inanakili draiva zote zisizo za Microsoft, kila moja ndani ya folda yake. Faili la orodha litakusaidia kujua folda ipi ni ya printa. Hifadhi na kifurushi kizima cha usakinishaji kama unacho, kwa kuwa baadhi ya draiva za zamani hazikai zote kwenye hazina ya Windows.

Angalia pia Settings > System > About, mstari wa "System type". Kama Windows 10 yako ni ya biti 32, draiva uliyoihifadhi haitakufaa, kwa sababu Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake na draiva ya biti 32 haiingii humo kwa namna yoyote. Hapa ndipo kompyuta nyingi kuukuu huanguka, na watu hudhani kosa ni la printa.

Kuhama kwa kupandisha juu ya mfumo uliopo kwa kawaida hubeba draiva. Kinachoipoteza ni kufuta diski na kusakinisha upya. Na kama umeshapandisha na printa imegoma, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings > System > Recovery > Go back. Rudi, hifadhi draiva, kisha panda tena.

Printa za PCL na PostScript

Pakua HP Universal Print Driver ya PCL 6 kutoka tovuti ya HP. Kama printa si ya HP, tumia draiva za Microsoft zilizomo ndani ya Windows. Kisha isakinishe kwa mkono:

1. Settings > Bluetooth & devices > Printers & scanners > Add device. Subiri sekunde chache mpaka kiungo cha "Add manually" kijitokeze. Kinachelewa, usikate tamaa.
2. Chagua "Add a local printer or network printer with manual settings".
3. Kwenye bandari (port, njia ambayo kompyuta huifikia printa), chagua USB001 (Virtual printer port for USB). Kama printa ni ya mtandao, tengeneza bandari ya Standard TCP/IP na uandike anwani yake ya IP.
4. Bofya "Have Disk" na uonyeshe faili la .inf la draiva uliyopakua. Au kwenye orodha chagua Microsoft, kisha "Microsoft PCL6 Class Driver" au "Microsoft PS Class Driver".
5. Chapa ukurasa wa majaribio.

Zikitoka karatasi nyingi zenye mstari mmoja mmoja wa alama zisizosomeka, umetuma lugha isiyo yake. Ukurasa ulioandikwa "PCL XL error" unaonyesha kuwa printa ilipokea PCL 6 ikaishindwa, kwa hiyo jaribu PostScript kama inayo, au draiva ya PCL 5 ya modeli iliyo karibu nayo.

HP 1018, 1020, P1005, P1102

Hizi zinataka draiva yake hasa. Kama uliihifadhi, tumia hatua za hapo juu na kwenye "Have Disk" onyesha folda ya flashi. Usitumie pnputil kusakinisha folda zote kwa mkupuo. Utarudisha na draiva za zamani za skrini na sauti, kisha uhangaike na matatizo mengine.

Kama hukuihifadhi, nenda catalog.update.microsoft.com, ghala la Microsoft lenyewe, na utafute "HP LaserJet 1020". Bofya jina la kila tokeo uone maelezo yake, uchague lenye AMD64. Usishtuke kuona AMD wakati kompyuta yako ni ya Intel. Hilo ni jina tu la biti 64. Utapata faili la .cab (kifurushi kilichobanwa). Lifungue hivi kwenye Command Prompt, ukiweka majina yako halisi badala ya "jina" na "faili":

mkdir C:\HP1020
expand C:\Users\jina\Downloads\faili.cab -F:* C:\HP1020

Halafu "Have Disk", C:\HP1020, chagua .inf. Windows ikilalamika kwamba .inf haina saini ya kidijitali, maana yake faili la .cat (lenye saini hiyo) halipo au mtu amehariri .inf. Tafuta nakala safi. Kuzima ukaguzi wa saini kunawezekana, lakini kwenye kompyuta inayoshika hesabu za duka au alama za wanafunzi hatushauri. Vilevile epuka tovuti zinazojitangaza kuwa "driver updater". Nyingi zinauza hewa, na nyingine zinaleta virusi.

HP 1020 ina tabia moja inayopoteza watu. Haihifadhi programu yake ya ndani. Kila ikiwashwa, kompyuta huitumia upya kupitia waya wa USB. Ukiona inawaka lakini haipokei kazi, izime, hesabu hadi kumi, iwashe tena huku kompyuta ikiwa imeshaamka. Na ukihamisha waya kutoka tundu moja la USB kwenda jingine, Windows inaweza kutengeneza printa ya pili iitwayo "Copy 1" kwenye USB002, huku Word ikiendelea kutuma kwa ile ya kwanza ambayo haipo. Fungua Printer properties, kichupo cha Ports, weka alama kwenye bandari iliyo hai, kisha ufute nakala ya ziada. Matundu ya bluu ya USB 3 nayo huzichanganya baadhi ya printa za umri huu. Jaribu tundu jeusi au habu ya USB 2.

P1102 ina lake: "Smart Install". Ukiichomeka inaweza kujitokeza kama CD badala ya printa, na hapo bandari ya USB001 haiundwi. Ndani ya kifurushi cha draiva cha HP kuna programu ndogo iitwayo SIUtility. Ifungue na uzime Smart Install, kisha uchomoe na kuchomeka tena.

Canon LBP2900

Pakua draiva ya CAPT ya biti 64 kutoka tovuti ya Canon, hata kama imeandikwa Windows 10. Kosa la kawaida ni kuchomeka printa kwanza. Iache imezimwa, endesha Setup, chagua kusakinisha kwa USB, na uiwashe pale tu programu inapokuambia.

Kama umeshakosea mpangilio, fungua Device Manager. Utakuta "Canon CAPT USB Device" yenye alama ya njano au iliyowekwa kwenye vifaa visivyojulikana. Bofya kulia, Uninstall device, zima printa, anza usakinishaji upya.

Ikigoma kote: kompyuta iliyokataliwa iwe seva

Huenda una laptopu mpya yenye prosesa ya Snapdragon, ambayo inadai draiva za ARM64. Ya HP 1020 ya AMD64 haitaingia. Au draiva haipatikani kabisa. Wakati huohuo, pembeni kuna kompyuta ya zamani iliyokosa TPM 2.0 (chipu ya usalama), Windows 11 ikaikataa. Viunganishe hivyo viwili. Kwenye hiyo ya zamani sakinisha Debian (mfumo wa Linux wa bure) bila mazingira ya picha. RAM ya GB 2 inatosha na kubaki. Chomeka printa, kisha:

sudo apt update
sudo apt install cups hplip avahi-daemon
sudo hp-setup -i
sudo cupsctl --share-printers

Amri ya hp-setup itakuuliza kuhusu programu-jalizi ya HP. Kubali, na uwe na intaneti wakati huo. Ndani yake ndimo ilimo ile programu ya ndani ambayo 1020 hupewa kila ikiwashwa. Mpe printa jina fupi lisilo na nafasi, tuseme HP1020, kisha:

sudo lpadmin -p HP1020 -o printer-is-shared=true

Kwenye ruta, ifungie kompyuta hiyo anwani moja ya IP, mathalani 192.168.1.50. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na ruta ikiwaka upya anwani inaweza kubadilika, na ofisi nzima itakosa printa. Kwenye kila Windows 11 rudi kwenye "Add manually", chagua "Select a shared printer by name" na uandike:

http://192.168.1.50:631/printers/HP1020

Hakuna draiva ya HP inayohitajika upande huo tena, kwa sababu Windows inazungumza IPP (lugha ya pamoja ya kuchapa kupitia mtandao) na seva ndiyo inayotafsiri. Faida ya juu yake ni kwamba simu za Android na iPhone zilizo kwenye Wi-Fi hiyohiyo huiona printa zenyewe. Zisipoiona, angalia kama ziko kwenye mtandao wa wageni au kama ruta inazuia vifaa kuonana.

Siku hplip (programu ya printa za HP kwenye Linux) itakaposasishwa, programu-jalizi lazima ilingane na toleo jipya, la sivyo uchapaji utasimama bila maelezo ya maana. Endesha sudo hp-plugin -i na utarudi kazini. Kwa Canon LBP2900 njia hii ina usumbufu mwingi, maana draiva ya CAPT ya Linux ni ya zamani na ni msumbufu kuiweka sawa; hiyo iache kwenye Windows.

Vitu viwili vya kuangalia Windows ikijisasisha

Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 ina "Windows protected print mode" chini ya Printers & scanners. Ikiwashwa, draiva zote za watengenezaji zinazimwa na hubaki IPP pekee. Kawaida huja imezimwa. Printa zako zikitoweka zote kwa pamoja, angalia hapo kwanza.

La pili ni ratiba ya Microsoft, iliyotangazwa Septemba 2023 na tarehe zake kurekebishwa baadaye: kuanzia Januari 2026 draiva mpya za printa haziwekwi tena kwenye Windows Update kwa Windows 11, na kuanzia Julai 2026 mfumo unapendelea draiva yake ya IPP. Draiva unayoisakinisha mwenyewe haijapigwa marufuku, ila usitegemee tena kwamba ukichomeka waya Windows itakutafutia. Ile folda ya Draiva iweke kwenye flashi mbili.

Kwa mashine za tatu-kwa-moja kama HP M1005, kuchapa kukirudi skana inaweza kubaki imekufa, kwa kuwa ina draiva yake. VueScan hubeba draiva zake yenyewe na husaidia nyingi, ila inalipiwa. Ijaribu kwa toleo la majaribio na modeli yako kabla ya kutoa hela. Ukiwa umeshajenga seva ya Debian, hplip ileile inaihudumia na skana ya M1005, kwa hiyo huenda hutahitaji kununua kitu.