Stenti ya mrija wa nyongo ulioziba kwa kansa, hatua kwa hatua

Hii ni ya madaktari na manesi mnaoanza kuingia chumba cha ERCP, yaani skopu inayopitishwa mdomoni mpaka utumbo mdogo, ikisaidiwa na X-ray, kufikia mirija ya nyongo. Stenti ni kijibomba cha kuifungulia nyongo njia. Tuseme una mgonjwa wa kansa ya kichwa cha kongosho, macho njano, mkojo kama Coca-Cola, choo cheupe, anajikuna usiku kucha.

1. CT au MRCP (picha ya MRI ya mirija ya nyongo) iwe ishafanyika. Ukitanguliza stenti, picha za baadae zinasumbua kusoma. Na kama anaweza kupasuliwa karibuni, hana homa na bilirubini (rangi ya njano kwenye damu) haijapanda sana, ongea na daktari wa upasuaji kwanza, stenti sio lazima.

2. Angalia INR, kipimo cha damu kuganda. Nyongo isipofika kwenye utumbo vitamini K hainyonywi, damu inagoma kuganda, so mpe ya sindano. Asile masaa 6 mpaka 8. Figo zikiwa sawa weka diclofenac 100 mg njia ya haja kubwa, inapunguza kongosho kuvimba, bei chee, sijui kwa nini watu wanaisahau.

3. Alale kifudifudi, apewe usingizi, pitisha skopu mpaka uione papila, yaani pale mrija wa nyongo na wa kongosho inapofungukia kwenye utumbo.

4. Hapa ndo kwenye kazi. Waya wa inchi 0.035 uingie mrija wa nyongo, lenga pale ilipo namba 11 ya saa ya ukutani, ukiona unaingia kongosho mara mbili tatu acha kulazimisha, badili mbinu au mwite mkubwa wako, maana kila ukichokonoa unaongeza uvimbe.

5. Dawa ya X-ray, ile ya kuonyesha mirija kwenye picha, ingiza kidogo tu. Kansa ikiwa juu, kwenye njia panda ya mirija ya kushoto na kulia, usijaze kila tawi! Tawi ulilolijaza ukaliacha bila kulifungulia njia ndo litakaloleta maambukizi.

6. Stenti ya plastiki ni nafuu ila huziba kwenye miezi 3 hivi. Ya chuma inatanuka mpaka milimita 10 na inakaa zaidi, mi kwa mgonjwa wa mbali naitetea, piga hesabu na nauli ya kurudi kubadilisha. Kuna za chuma zinazofupika zikifunguka na zinapenda kupanda juu, kwa hiyo msaidizi aachie taratibu huku mwenye skopu akiivuta kidogo.

7. Nyongo ikimwagika, toka. Umanjano hauishi kesho, unachukua wiki kadhaa. Homa na kutetemeka, tumbo kuuma sana au choo cheusi, arudi siku hiyohiyo. Kwenye kadi andika aina ya stenti na tarehe ya kubadilisha, chukua na namba ya ndugu.