Barua Isiyo ya Chifu: Kuomba Ufadhili wa ESA kwa Huduma za Setilaiti

Kabla hujaandika ukurasa hata mmoja wa pendekezo lako, zungumza na ofisi ya anga ya nchi unayoishi. Nimelitanguliza hili kwa sababu mimi sikulifanya, na kazi ya kukesha miezi mitatu ikaenda na maji.

Fedha ninazozungumzia ni za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, kupitia mpango wake wa BASS. Zinalenga kampuni zinazojenga huduma za kibiashara kwa kutumia setilaiti: kufuatilia mazao kwa picha, kujua lori liko wapi, kupeleka mawasiliano kule mitandao ya simu isikofika. ESA haichukui hisa za kampuni yako. Tena ESA si Umoja wa Ulaya. Uingereza ilijitoa kwenye Umoja mwaka 2020, lakini ndani ya ESA imo tangu shirika lianzishwe mwaka 1975, na bado imo. Nimekutana na Waafrika Mashariki wengi hapa Uingereza wenye mawazo mazuri ambao hawakujaribu kabisa, wakidhani Brexit ilifunga mlango.

Sasa mtego. ESA ndiyo inayosimamia, lakini fedha ni za nchi wanachama. Kila nchi huweka fungu lake kwenye mpango, na kanuni ni kwamba fungu hilo lirudi kwa kampuni za nchi hiyo kwa njia ya mikataba. Kwa hiyo wataalamu wa ESA wanaweza kulipenda wazo lako na kukuhimiza uendelee, lakini wajumbe wanaoiwakilisha nchi yako ESA wasipotoa barua ya idhini ya ufadhili, mkataba hakuna. Soma tena sentensi hiyo. Wajumbe hao wako kwenye ofisi za anga za nchi zao: Uingereza ni UK Space Agency, Ujerumani ni DLR, Uholanzi ni NSO.

Huduma yangu ilikuwa ya wanunuzi wa mboga wa huku wanaoagiza kutoka kwetu Afrika Mashariki. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita juu ya shamba lilelile kila baada ya siku tano, kila nukta ya picha ikiwa mita kumi kwa mita kumi, na picha zake ni bure. Shamba la mishiri, yaani french beans, likianza kukauka, mnunuzi angejua kabla ya lori kufika. Nilimlipa mshauri anisaidie kuandika. Akaniambia barua ya nchi ni utaratibu tu, huja mwishoni. Nami nikamwamini, kwa sababu kichwani mwangu ilikuwa kama barua ya chifu: unadamka, unapanga foleni, unagongewa muhuri, saa tano uko nyumbani.

Si barua ya chifu. Wajumbe wanataka kuelewa biashara yako, nchi yao itafaidikaje, ni ajira gani zitabaki pale, na kama fungu la mwaka huo bado lina kitu. Mimi niliwaandikia siku tisa kabla ya mwito wa mapendekezo kufungwa. Usiku ule pendekezo lilikuwa mezani jikoni, limekamilika, jedwali la gharama limepigwa hesabu mara tatu, kila kiambatisho kina jina lake. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja tu. Jibu lilikuja kwa heshima: siku hizo hazitoshi kulipitia. Walikuwa na haki kabisa. Ndiyo maana nasema, anza na wajumbe. Hata wazo likiwa bado nusu ukurasa, anza na wajumbe.

Mtego wa pili ni mdogo lakini unauma. Karibu nusu ya bajeti yangu ilikuwa ya kazi ya nyumbani: mtoto wa mjomba anayeandika programu, na vijana wa kuhakiki mashamba. Fedha hizi ni za kazi inayofanyika katika nchi zilizochangia mpango. Kazi ya nyumbani itafutie fedha nyingine, na liseme wazi tangu mwanzo.

Hapo niseme na ndugu zetu kidogo, kwa upendo. Ruzuku hii si mfuko wa harambee. ESA hailipi gharama yote. Kwa mradi wa majaribio mara nyingi hulipa nusu, ingawa kampuni ndogo katika baadhi ya nchi hupata zaidi. Sehemu iliyobaki ni yako, na utaulizwa iko wapi. Fedha zenyewe hutoka kwa hatua, ukishakabidhi kazi ya kila hatua. Kwa hiyo shangazi akisikia umepata mkataba, asianze kuagiza mabati. Na shemeji asikuandikie barua ya kujifanya mteja. Wateja wanaotajwa wanaweza kupigiwa simu, na shemeji ataulizwa yuko tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi.

Mengine ni mepesi. Sajili kampuni Companies House, ofisi ya usajili wa kampuni ya Uingereza, kazi rahisi kuliko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, siku mtandao umelala. Jisajili kwenye esa-star, mfumo wa mtandaoni wa ESA kwa kampuni zinazotaka mikataba yake. Peleka fomu fupi ya wazo, halafu muhtasari, halafu pendekezo kamili. Ila kagua viza yako kwanza: ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri wala kuendesha biashara, na hakuna ruzuku inayostahili kukupotezea haki ya kukaa.

Nimewafikiria sana hawa Waingereza tangu wakati ule. Sisi tumelelewa kuingia ofisini na kitu kilichokamilika, kwa sababu ukienda na swali unaambiwa rudi kesho. Hapa mwenye kuuliza mapema ndiye anayehesabiwa kuwa makini, na anayetokea dakika ya mwisho na kurasa sitini anaonekana hajui taratibu. Ila usipime neno lao kwa uso. Akikuambia wazo linavutia, bado hajakubali chochote. Muulize moja kwa moja: je, mnaweza kuunga mkono mradi wa namna hii mwaka huu? Hatachukia. Nadhani ni jambo jema tungeliiga nyumbani, ofisa kusikiliza wazo changa bila kulidharau.

Safari ya pili nilipiga simu nikiwa na nusu ukurasa mkononi. Swali la kwanza la mjumbe lilikuwa la mkulima: masika mawingu yakitanda wiki tatu, picha utazitoa wapi? Nikamjibu kwamba Sentinel-1 ni rada, inaona kupitia mawingu, nikamweleza nitakavyozichanganya. Akauliza kuhusu ajira, akauliza kuhusu mchango wangu, akanitajia mwezi ambao fungu lingepangwa upya. Tulizungumza dakika ishirini na tano. Pendekezo nilianza kuliandika wiki iliyofuata.