Jinsi ya kujua kama wanaolazwa kwa dharura na presha, sukari na pumu wanaongezeka kweli

Inchaji kakwambia uandae grafu ya wagonjwa wa magonjwa sugu wanaoletwa dharura na kikao ni wiki ijayo, usipaniki, rejista ya wodi na Eksel vinatosha. Ila usifanye kama wengi, wanachukua jumla ya kila mwezi kwenye ripoti ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za vituo vya afya) wanachora mstari wanaondoka, mganga mfawidhi akiuliza swali moja tu kazi yote imekufa.

Chagua magonjwa kwanza na usiyabadilishe katikati. Kwa hospitali ya wilaya mi huwa nachukua presha (I10), kisukari (E10 hadi E14), moyo kushindwa (I50), pumu (J45), kifafa (G40) na selimundu yaani sikoseli (D57), hizo kwenye mabano ni alama za magonjwa za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Selimundu watu wanaiacha sijui kwa nini, wakati Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka.

Halafu toa ambao sio dharura. Mama wa kisukari aliyetoka kliniki akapewa kitanda ili aanzishiwe insulini, huyo alipangwa. Aliyeshushwa kwenye bajaji saa nane usiku hawezi hata kumaliza sentensi kwa kubanwa kifua, huyo ndo wako. Rejista nyingi hazina safu ya hilo, kwahiyo angalia saa aliyolazwa na alikotokea, ukiona bado haieleweki vuta faili.

Sasa hapa kwenye dayagnosisi, yaani ugonjwa ulioandikwa, ndo pagumu. Utakutana na mstari umeandikwa "HTN/CCF/?DM", yaani presha, moyo kushindwa na labda kisukari, mtu mmoja magonjwa matatu na alama ya kuuliza juu. Jiwekee sheria moja, mi nahesabu ya kwanza iliyoandikwa siku ya kuruhusiwa, sio ile ya mapokezi, na sheria hiyo iandike chini ya grafu. Maana akija daktari anayepima echo (ultrasaundi ya moyo) kila mwenye miguu iliyovimba, moyo kushindwa utapaa na presha itashuka, huko mtaani hakuna kilichobadilika. Au stripi za kupimia sukari ziishe mwezi mzima, kisukari kitashuka vizuri kabisa na watu watapongezana, kumbe wagonjwa ni walewale wameandikwa malaria au "kupoteza fahamu".

Hesabu watu na hesabu mara walizolazwa, vitu viwili tofauti. Tumia namba ya faili, usitumie jina, kina Juma na Mwanaisha ni wengi. Mzee mmoja wa pumu akirudi mara tano mwaka mmoja anaweza kukuinulia grafu peke yake, na huyo shida yake ni inhela, sio wimbi la pumu wilayani.

Namba zikiwa ndogo nenda kwa robo mwaka, mwezi mmoja unayumba sana. Robo ya kwanza ilinganishe na robo ya kwanza, ila Ramadhani iangalie kivyake kwasababu inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili, 2025 mwanzoni mwa Machi, sasa ukilinganisha Aprili na Aprili kwa wagonjwa wa sukari waliokuwa wanafunga unajidanganya. 2020 nayo usiifanye mwaka wa kuanzia, korona ilifanya watu sehemu nyingi waogope hospitali.

Kabla ya kusema "wameongezeka" gawanya kwa jumla ya wote waliolazwa, na kama unataka kiwango kwa watu 100,000 chukua idadi ya sensa ya 2022 ya halmashauri yako. Uliza pia kama kuna kituo cha afya jirani kimefungua au kufunga wodi.

Mwisho, chini ya grafu weka alama kwenye wiki ambazo amlodipini (ya presha), metformini na insulini (za sukari) au salbutamoli (ya pumu) ziliisha stoo, famasi wanazo kwenye ledja. Angalia kama waliolazwa wanapanda wiki chache baadae. Ukiona inafuatana hivyo mara kadhaa, nenda kikaoni na mfamasia mwenyewe na ledja yake mkononi, maana hiyo sehemu lazima mtabishana.