Kusaka protini za kuunda asidi za mafuta kwenye jenomu ya bakteria

Tuseme una faili lenye protini zote za bakteria wako, na swali ni moja: anajiundia asidi za mafuta mwenyewe, au anazichukua kwa mwenyeji wake?

Hatua ya 1. Pakua kutoka UniProt (hifadhidata ya protini mtandaoni) protini za Escherichia coli zinazounda asidi za mafuta: AccA hadi AccD, FabD, FabH, FabB, FabF, FabG, FabA, FabZ, FabI na ACP (protini inayobeba mnyororo wa mafuta unaojengwa). Kwa bakteria wengi kila kazi ina protini yake, kwa hiyo zitafute moja moja.

Hatua ya 2. Endesha BLASTP, programu inayolinganisha protini hizo na za bakteria wako na kuipa kila jozi alama za ufanano. FabF kwa kawaida hujitokeza bila taabu. ACP ni fupi, asidi amino 77 tu kwa E. coli, hivyo alama zake huwa ndogo hata kama ipo. Usiitupe. Tafuta kwa macho herufi DSL (asidi amino tatu mfululizo): serini ya hapo katikati, yaani S, ndiyo kimeng'enya AcpS huibandikia fosfopantetheini, mkono unaoshika mnyororo unaporefushwa.

Hatua ya 3. FabG ndiyo inayosumbua, maana ukoo wake ni mkubwa na utaletewa majibu chungu nzima. Kwanza hesabu: kati ya tairosini na laisini za kitovu cha kazi, FabG ina asidi amino tatu, FabI ina sita. Hiyo inazitenganisha hizo mbili tu. Ndugu wengine wa FabG nao wana tatu. Basi tazama majirani. Kwa E. coli jeni zimepangana fabH, fabD, fabG, acpP, fabF. Mgombea aliyekaa kati ya fabD na acpP mimi humkubali bila kusita.

Hatua ya 4. FabI, inayofunga kila mzunguko wa kurefusha mnyororo, haionekani? Usiandike kwamba haipo kazi yake. Streptococcus pneumoniae hutumia FabK, isiyofanana nayo kabisa (na isiyozibwa na triklosani, dawa ya kuua bakteria inayoziba FabI). Vibrio cholerae ana FabV. Bacillus subtilis ana FabL pamoja na FabI. Tafuta zote. Kukosekana kwa FabA hakunishtui, FabZ hutosha kwa hatua ya kuondoa maji kwenye mnyororo.

Hatua ya 5. Ukipata ACP peke yake, tulia, hiyo haithibitishi kwamba anajiundia. Mycoplasma genitalium, mwenye jenomu ya herufi kama 580,000, anayo ACP lakini hana vimeng'enya vya kurefusha mnyororo.

Hatua ya 6. Maabara ikiwepo, mkuze kwa asetati yenye kaboni-14, kisha uangalie kama kaboni hiyo imeingia kwenye mnyororo mzima au mwishoni tu. Mwishoni tu huashiria kwamba anarefusha asidi alizookota.